Barua kwa Mama Nasra: mambo ya shule kabla hamjahamia Ujiji

Ujiji, Kigoma
24 Novemba 2024

Mpenzi Mama Nasra,

Assalam alaykum. Sisi huku wazima, mvua zimeshika, na maembe yanaanguka ovyo mpaka mbuzi wameyakinai. Ule ujumbe wako wa sauti wa maswali ya shule za huku, mrefu kama hotuba ya Ijumaa, nimeusikiliza jana usiku hadi mwisho. Nimeona nikujibu kwa barua, maana kwenye simu wanao wanatuingilia na mimi nasahau nilipofika. Nitajibu kwa mpangilio wangu. Usipoliona swali lako, niulize tena.

Hilo la shule ya serikali au ya kulipia lisikukoseshe usingizi. Wangu wote nimewapeleka ya serikali na sijutii. Ila nikuambie ukweli mapema: watoto ni wengi. Darasa la kwanza kuwa na watoto zaidi ya mia, huku si habari. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja, lakini tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 kila mtoto analetwa, jambo la heri kabisa, na vyumba vinajengwa kila mwaka bado vinaachwa nyuma. Siku ya kwanza ukichungulia dirishani usishtuke.

Sasa katika wingi huo, mwanao anaonekana vipi? Anaonekana pale mwalimu wa darasa anapokujua wewe. Sisemi upeleke kuku. Nasema akujue kwa sura, awe na namba yako, ajue mnakaa mtaa gani. Wazazi wengi wakifika shule wanakimbilia ofisi ya mwalimu mkuu, wanakaa kwenye benchi hadi mchana, kumbe mwalimu mkuu yuko kikaoni halmashauri, na vikao vyao haviishi. Mwalimu mkuu ni wa kuandikisha, uhamisho, fedha, na ugomvi ulioshindikana chini. Mtoto akichelewa, au ukitaka kumtoa mapema kwenda zahanati, wa kumwona ni mwalimu wa zamu, ambaye hubadilika kila wiki. Mwalimu wa taaluma ana ratiba na mitihani. Mwalimu wa nidhamu utamjua hata usipoelekezwa. Lakini anayeita majina kila asubuhi, anayejua kama Nasra anaona ubaoni au anabahatisha, ni mwalimu wa darasa. Usimfuate wakati anapanga watoto mstarini, hapo hata salamu yako haisikii. Mfuate wadogo wakishatoka. Usipomwona ofisini, angalia nyuma ya rundo la madaftari, yuko hapo anasahihisha. Mimi huenda na jambo moja tu la kuuliza, kwa mfano "herufi zipi bado zinampiga chenga?" Ukimuuliza "anaendeleaje?" atakujibu "anaendelea vizuri", na mtaagana hapo.

Tena kwa Nasra anayeanza la kwanza hilo ni muhimu zaidi, kwa sababu la kwanza na la pili ni KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto akikaa nyuma, kimya, hasumbui mtu, anaweza kufika la tatu hasomi na hakuna aliyegundua. Nasra wako ni mkimya. Omba akae mbele.

Karatasi. Kuandikisha ni bure, na wameshaanza, kwa hiyo mkifika Januari mwanzoni hamjachelewa, lakini ukiweza kumtuma mtu na nakala kabla, afadhali. Nasra ametimiza miaka sita na awali amesoma, basi njoo na cheti cha kuzaliwa na nakala zake. Huu ni mkoa wa mpakani, karatasi zinaulizwa kuliko huko Tanga. Kadi ya kliniki nayo usiitupe.

Kwa mwanao Idrisa ndipo penye kazi. Usimtoe tu shule ukampandisha basi. Anzia huko: barua ya uhamisho, na namba yake ya PREM, ile ya kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani. Shule anayotoka isipomwachia kwenye mfumo, huku atakaa darasani, atavaa sare, atachapwa jua mstarini, lakini kwa kompyuta bado yuko Tanga. Na yeye Januari anaingia la nne, mwaka wenye upimaji wa kitaifa. Nimeona mama mmoja hapa anahangaika mwezi wa tisa, mara Ujiji mara halmashauri, kwa namba ambayo ingechukua asubuhi moja kabla hajahama. Mwambie Baba Nasra asiseme "tutamalizia tukifika".

Umeuliza la saba limekwenda wapi. Kwa mtaala mpya shule ya msingi inaishia la sita. Idrisa ni wa lile kundi lenyewe la kwanza, walioingia la tatu mwaka 2024. Watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule na la saba la mwisho. Vurugu ya nafasi za kidato cha kwanza mwaka unaofuata naiogopa tangu sasa. Elimu ya lazima imekuwa miaka 10, kwa hiyo la sita si mwisho kwa yeyote kati yao.

Saa. Hapa mtahangaika kidogo, watu wa pwani. Jua la Kigoma linachelewa. Huko Tanga saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi jua mnaliona, huku Januari linachomoza karibu na saa moja, na mwezi wa saba linapitiliza. Kengele ya shule haijali: saa moja mtoto awe uwanjani na fagio au dumu la maji, kisha mstarini, wimbo wa taifa, ukaguzi wa kucha, na vipindi saa mbili. Maana yake anatoka nyumbani bado kuna ukungu wa alfajiri. Wa mtaa wetu hutoka kwa kundi, wakubwa wameshika wadogo, nitawaunganisha. Faida utaiona jioni: saa moja ya usiku bado kweupe, wametoka madrasa na wanacheza, na kuwaingiza ndani ni vita.

Nywele. Najua hutapenda. Za kike na za kiume, zote fupi. Zile nywele za Nasra unazozisuka kila Jumapili zitakatwa, na mimi ningekushauri umkate mwenyewe huko nyumbani mapema, acheke na azoee, kuliko kurudishwa siku ya kwanza analia. Hijabu inaruhusiwa, nyeupe, na wengi huku wanavaa.

Sare niachie mimi, ndiyo kazi yangu, Desemba na Januari cherehani hailali. Sketi ya bluu, shati jeupe, sweta la shule, viatu vyeusi. Usinunue za kuning'inia sokoni. Zile marinda yamebandikwa kwa pasi tu, ukifua mara mbili sketi inakuwa gunia. Mimi kila rinda nalipiga mshono kwa ndani vidole vinne kutoka kiunoni, halikimbii. Na pindo la chini naacha upana wa kiganja, nimelikunja mara mbili, ili mwakani ukilifumua sketi irefuke bila kununua nyingine. Kiunoni naweka lastiki nyuma tu, mbele pabaki pamenyooka. Shati la Idrisa nitalishona mabega mapana, maana wavulana wa umri huo wanaanza kukua mgongoni. Shati jeupe mchukulie mawili. Vumbi la Ujiji ni jekundu, na mvua likigeuka tope halitoki kwa sabuni ya mche peke yake.

Sasa pesa. Ada hakuna, hilo ni la Waraka Namba 5 wa mwaka 2015. Waraka wa mwaka uliofuata ukaeleza nani afanye nini, na sisi wazazi tulibaki na sare, madaftari, kalamu, matibabu, na chakula kwa mtoto wa kutwa. Serikali inapeleka ruzuku, 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 4,000 ni za vitabu, zinabaki juu, zinazofika shuleni ni 6,000. Piga hesabu mwenyewe: chaki, karatasi za majaribio, mipira, bati lililong'oka, vyote humo. Ndiyo maana utaitwa mkutanoni. Hoja kubwa ya mikutano yetu ni uji au makande, debe la mahindi kiasi gani na maharage kiasi gani kwa kila mzazi. Nenda, mwenzangu. Nenda hata ukiwa na kufua. Wanaokosa mkutano ndio wanaolalamika barazani kwamba "walipanga". Walipanga nani? Waliokuwepo. Mkishakubaliana toa, mtoto anayekula uji saa nne anasikiliza hadi mchana, nimeona kwa wangu.

Lakini ujue mpaka wake. Mchango ni wa kukubaliana na una taratibu za kibali, mwalimu mkuu hawezi kuamka asubuhi akautangaza peke yake, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa. Kuna shule moja, siitaji, iliwahi kuwarudisha. Wazazi wakaenda kwa afisa elimu kata, kwa adabu, bila kelele, na wiki ileile watoto walirudi. Kumbuka ngazi hizo: mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, kamati ya shule, afisa elimu kata. Kwenye kamati wapo wazazi wenzetu wa kuchaguliwa. Upo pia umoja wa wazazi na walimu, UWAWA, kila darasa na wawakilishi wake. Mimi nimo, na nitakuburuta na wewe.

Swali lako la viboko umeliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna anayetusikiliza. Vipo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, visizidi vinne, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Hiyo ndiyo kanuni. Darasani kila mwalimu na fimbo yake, na wewe unajua. Wa pili wangu alirudi siku moja vidole vimevimba kwa kosa la kalamu kupotea. Sikwenda kupigana. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikaomba kuona kitabu cha adhabu, niisome ya mwanangu imeandikwaje. Kilitafutwa kabatini, juu ya kabati, kwa msaidizi, hakikuonekana. Niliomba radhi kwa usumbufu nikaaga. Mtoto hakuguswa tena, na nasikia wenzake walipata nafuu pia. Mimi kwa maoni yangu hata hivyo vinne ni vingi kwa mtoto wa miaka sita, na mkutanoni huwa nasema, wazee wananizomea, nasema tena.

Mengine ni mepesi. Ijumaa vipindi vinaisha mapema, Waislamu wanakwenda kuswali. Skauti wapo, Idrisa atapenda skafu. Bustani ya mchicha ipo, na nyumbani atakuletea tope badala ya mchicha. Mpira, netiboli, riadha na kwaya vinapamba moto kuelekea UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, kuanzia shule, kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Mwaka 2022 na 2023 taifa lilifanyikia hapo jirani Tabora, basi huku kila mtoto mwenye mbio anajiona ameshafika. Ukiletewa barua kwamba Idrisa kachaguliwa, soma vizuri: nani anawasimamia, wanalala wapi, nani analipa nauli.

La mwisho la afya. Sisi ni watu wa ziwa, na kichocho kipo. Shuleni hugawa dawa za kichocho na minyoo, na watu wana maneno mengi juu yake, kwamba mtoto atazirai. Mwingine kweli hulegea, na mara nyingi ni yule aliyekuja hajala. Siku ya dawa mlishe ashibe, muhogo na chai au wali uliolala, kisha mwache anywe. Na umkataze kuoga ziwani penye majani, ingawa hatakusikia. Hakuna mtoto wa Ujiji anayesikia hilo.

Pesa ya mfukoni usimzoeshe nyingi. Getini kuna karanga, mihogo ya kukaanga, barafu za rangi, na Januari embe lenye pilipili na chumvi kwa shilingi mia. Chupa ya maji abebe yake, uandike jina kwa kalamu ya wino mzito.

Sasa chukua futi unipimie, uniandikie kwa simu. Nasra: kiuno, na urefu kutoka kiunoni hadi vidole viwili chini ya goti. Idrisa: mabega, kifua, urefu wa mkono, kiuno, na kaptura hadi juu kidogo ya goti. Pima wakiwa wamesimama wima, si wakiwa wanaruka kitandani. Nikipata kabla ya katikati ya Desemba nitawashonea kwa utulivu. Baada ya hapo mtapanga foleni na watu wote wa Ujiji, urafiki hautasaidia.

Nisalimie Baba Nasra, na mama mkubwa mwambie kanga yake ninayo.

Wako,
Mama Sikudhani