Kuku Kaungua, Lawama kwa Kopo

Sura za wateja hubadilika, lalamiko ni lile lile: "Mmeniuzia gochujang iliyoharibika. Nimekaanga kuku kawa mweusi tii, mchungu, na ukimpasua ndani anatoa damu." Kopo la gochujang, rojo zito la Kikorea la pilipili na soya iliyochachuka, linawekwa juu ya kaunta likiwa limeliwa nusu. Tunachota kidogo na kuonja mbele ya mwenyewe. Utamu upo, chumvi ipo, ukali unapanda taratibu, na ladha ya soya iliyochachuka inabaki ulimini. Kopo ni zima. Kinachobaki ni swali moja: uliipaka saa ngapi? Na jibu ni lile lile pia: "Nilimlaza nayo kuku usiku kucha, asubuhi nikamtia kwenye mafuta."

Tunaelewa mazoea hayo yanakotoka. Kuku wetu wa kukaanga au wa kuchoma hulala kwanza kwenye tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na pilipili, kisha ndipo aone moto. Viungo vile havina sukari ya kutisha, kwa hiyo njia hiyo inafaa. Gochujang haimo katika kundi hilo. Hutengenezwa kwa pilipili ya Kikorea iliyosagwa, mchele unaonata, kimea cha shayiri, chumvi na unga wa meju, yaani soya iliyochemshwa, ikapondwa, ikaumbwa kama tofali na kuachwa ichachuke. Kimea hugeuza wanga wa mchele kuwa sukari. Ile ya kiwandani huongezewa na sharubati ya mahindi au ya muhogo. Ukimpaka kuku gochujang umempaka sukari na wanga, pilipili ni sehemu tu ya hesabu. Mafuta ya kukaangia huwa kwenye nyuzijoto 160 hadi 180. Paja lenye mfupa linataka dakika nane hadi kumi humo, na gochujang inaanza kuungua kabla ya dakika ya pili kwisha. Mkaa ni mbaya zaidi, maana mafuta yakidondoka moto unapanda kufuata sukari ilipo.

Wakorea wenyewe hawafanyi hivyo kwa kuku wa kukaanga. Chakula ambacho wateja wengi wanakitafuta kinaitwa yangnyeom chikin, kuku wa kukaangwa aliyevishwa mchuzi mtamu wenye ukali. Kilianzia mji wa Daegu kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, na anayetajwa zaidi kuwa mbunifu wake ni Yoon Jong-gye, aliyekuwa na duka la kuku mjini humo. Inasimuliwa kwamba shida aliyotaka kuitatua ilikuwa kuku wa kukaanga akishapoa: anakauka, anakuwa mgumu, anakwaruza kaakaa. Mchuzi ule ulibuniwa kwa ajili ya kuku aliyekwisha kutoka kwenye mafuta. Ukiutanguliza, umeupa kazi ambayo haukuumbiwa.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kuku wa kisasa wa kilo moja hivi; hata Korea kuku wa kukaanga ni wadogo, uzito huo huo. Mkate vipande vidogo, 16 hadi 18, kidari kigawanywe mara nne. Wale wanaokaanga robo kuku nzima nzima ndio wanaorudi na habari ya damu kwenye mfupa. Mkaushe kwa karatasi au kitambaa safi. Mpake chumvi kijiko cha chai kimoja, pilipili manga nusu kijiko, na tangawizi iliyosagwa kijiko kimoja. Nusu saa inatosha. Kulaza kunaishia hapo, na gochujang bado iko kwenye kopo.

Ganda linataka wanga gramu 120, unga wa ngano gramu 30, nusu kijiko cha chai cha beking pauda na yai moja. Wanga wa viazi ndio bora, wa mahindi unafaa sana. Tunasema wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kutengenezea kastadi, unaolia ukiubana kwa vidole. Unga wa ugali hapana, hata wa sembe. Ngano peke yake nayo hapana: inanyonya mchuzi na kuwa kama mkate uliolowa, ilhali wanga unatoa ganda jembamba linalovunjika. Changanya kwa mkono mpaka kila kipande kishikwe na uji mzito. Ukikuta unga mkavu chini ya bakuli, ongeza maji kijiko kimoja. Kimoja.

Mafuta yawe lita moja na nusu kwenye karai lenye kina, yasipite nusu ya karai. Kama huna kipimajoto, chovya kijiti cha mshikaki: vipovu vidogo vikipanda kando yake kwa utulivu, uko karibu na 160. Tia vipande sita au saba kwa mkupuo. Ukijaza karai joto linaanguka, ganda linakunywa mafuta, kisha mtu anakuja kutuambia wanga wetu "unanyonya". Kaanga dakika nane hadi kumi, kuku awe na rangi ya manjano hafifu. Karibu na mfupa joto lifike 74. Bila kipimajoto, choma kwa kisu, maji yatoke meupe. Epua, weka juu ya wavu au chujio. Usimweke kwenye sahani iliyotandikwa karatasi, kwa sababu mvuke utarudi chini ya ganda.

Sasa mwache dakika nane. Hapa ndipo watu wanapochoka, na hapa ndipo kuku wa Kikorea anapotofautiana na kuku wa kibandani. Wakati amepumzika, unyevu wa nyama unasogea nje kwenye ganda. Mkaango wa pili, kwenye nyuzijoto 180 hadi 190, dakika mbili au tatu tu, unaufukuza unyevu huo na ganda linakakamaa. Kipande kikigonga chujio kitoe mlio. Akikaangwa mara moja, hata aive vipi, atalegea dakika tano baada ya kuguswa na mchuzi, na hapo ndipo tunapoulizwa kwa nini "picha ya mtandaoni haikuwa hivi". Umeokoa dakika kumi na moja na gesi kidogo, umepoteza kuku wa kilo nzima.

Mchuzi upikwe wakati kuku amepumzika. Sufuria pana, moto mdogo, mafuta kijiko cha chakula kimoja, punje nne za kitunguu saumu zilizosagwa, nusu dakika zisipate rangi. Kisha gochujang vijiko vya chakula vitatu, sosi ya nyanya vitatu, asali au sharubati ya mahindi vitatu, sukari kimoja, sosi ya soya kimoja, maji vitatu. Ukitaka ukali, ongeza gochugaru kijiko cha chai kimoja au viwili. Hiyo ni pilipili ya Kikorea ya kuparaza iliyotolewa mbegu. Koroga dakika tatu au nne, mpaka mwiko ukipita chini ya sufuria uache njia inayochelewa kuzibika. Hata hapa usiondoke jikoni: sukari ya matunda iliyomo kwenye asali huanza kubadilika rangi kwenye nyuzijoto kama 110, na mchuzi mzito unashika chini huku juu unaonekana salama. Siki kijiko kimoja itiwe mwisho, moto ukishazimwa. Mimina kuku, mgeuze kwa haraka nusu dakika, nyunyiza ufuta, peleka mezani. Kama wageni wamechelewa, mchuzi usubiri kwenye sufuria na kuku asubiri kwenye wavu. Wasikutane mpaka watu wameketi.

Njia ya mkato ya pili ni kukwepa kopo kabisa. "Gochujang ni pilipili tu, nimechanganya pilipili ya unga na tomato." Mteja mmoja alipima pilipili kichaa ya kusaga vijiko vya chakula vitatu, kijiko kwa kijiko kama ilivyoandikwa kwa gochujang. Gochugaru ni ya upole. Pilipili kichaa inaipita kwa ukali mara kumi na zaidi. Kuku wa kilo mbili alikwenda kwenye ndoo ya taka, na siku ya pili likanunuliwa lile lile kopo lililoitwa ghali. Kwa gochugaru tunakubali mbadala: sehemu tatu za paprika kwa sehemu moja ya pilipili ya kawaida ya kusaga, rangi itakaribia. Kwa gochujang mbadala wa namna hiyo haupo, maana kinachokosekana ni uchachu wa soya, na huo haupatikani kwenye chupa ya nyanya.

Na bei, kwa kuwa ndiyo inayoanzisha yote haya. Kijiko cha chakula cha gochujang kina gramu 20 hivi. Kuku mmoja anakula vijiko vitatu, gramu 60. Kopo la gramu 500 linapika kuku wanane. Gawanya bei yetu kwa nane, kisha linganisha na bei ya kuku mmoja aliyeungua. Hatupimi kwa vikombe wala mifuko, ingawa tunaombwa kila siku, kwa sababu ikishafunguliwa na kuachwa wazi inakauka na kuwa nyeusi, na mtu wa mwisho ndiye anayeuziwa masalia.

Wapo wanaotaka ukali zaidi na kuona tumewauzia "ya watoto". Mara nyingi wameanzia kwenye tambi za Buldak, zilizoingia sokoni mwaka 2012, na wanadhani kila kitu cha Kikorea kinawaka vile. Neno lenyewe ni bul, moto, na dak, kuku. Gochujang nyingi hubeba kipimo cha ukali kwenye kifuniko au ubavuni: chini ya 30 ni ya upole, 45 hadi 75 ni ya wastani, 75 hadi 100 ni kali, kupita 100 ni kali sana. Angalia kabla ya kulipa. Na usitafute ukali kwa kuongeza vijiko vya gochujang, utaishia kwenye chumvi. Ongeza gochugaru.

Kama una kuku wa kienyeji, achana na karai. Nyama yake haiivi kwa dakika kumi, na huo mkaango wa pili utaigeuza mpira. Mpikie dakbokkeumtang, kuku wa kuchemshwa kwenye mchuzi mkali, na kwa kweli hicho ndicho tunachomshauri kila anayenunua kopo la kwanza. Zamani kilizoeleka kama dakdoritang, na wapo wanaokiita hivyo hadi leo. Hapa gochujang inaingia kwenye maji, na penye maji joto halipiti 100, kwa hiyo haiungui isipokuwa umeyaacha yakauke. Kuku wa kilo moja na robo, mchemshe dakika mbili, mwaga maji hayo yenye povu, msuuze. Rudisha sufuriani na maji vikombe vitatu, gochujang vijiko vya chakula viwili, gochugaru viwili, sosi ya soya vitatu, sukari kimoja, kitunguu saumu kingi. Wa kisasa anataka dakika 35, viazi na karoti viingie dakika ya kumi na tano. Wa kienyeji anataka saa moja na zaidi, viazi viingie nusu saa ya mwisho, maji yaongezwe yakipungua. Wali mweupe unatosha kando.

Kwa wateja Waislamu: gochujang nyingi za kiwandani huongezewa alkoholi ili isiendelee kuchachuka ndani ya kopo. Hii si siri, imeandikwa kwenye viambato kama alcohol, ethanol au spirits. Zenye alama ya halali tunaziweka rafu yake peke yake. Uliza kabla, si baada ya kufungua. Soya imo kwenye zote, na ngano kwenye nyingi, kwa hiyo mwenye mzio asome kopo.

Ukishafungua, laini juu kwa kijiko kikavu, funika, weka kwenye friji. Uso ukigeuka rangi ya kahawia iliyokolea ni hewa tu, changanya uendelee. Ukungu wenye manyoya ya kijani au meusi, tupa. Kopo lililofura kabla hujalifungua lilete na risiti, tunabadilisha bila maswali. Lililofunguliwa tutalionja mbele yako, na tutakuuliza uliipaka saa ngapi.