Cheni Yako si Feki, Imekula Mchanga

Juzi asubuhi, kabla hata sijamaliza kupanga spana mezani, kijana mmoja anayebeba samaki kwa pikipiki kutoka soko la Deep Sea hapa Tanga aliingia dukani amenuna. "Fundi, cheni uliyoniuzia feki. Miezi mitatu tu, inalia kama kinu." Nikamwambia ashushe tenga, avute kigoda, tuitoe sote wawili.

Niliilaza kwenye karai la mafuta ya taa, nikaigeuzageuza kwa mkono kama mtu anayeosha mchele. Mafuta yakawa meusi tititi. Tulipoyamimina polepole kwenye dumu, chini ya karai likabaki tope. Nikalisugua kati ya vidole viwili, nikampa naye asugue. Lilikuwa linakwaruza. Mlikuwa na mchanga, mna vumbi jeupe la chokaa, na mna unga fulani unaometameta ukiinamisha karai juani. Unga ule ndio cheni yenyewe.

"Kwani ulikuwa unaipaka nini?"

"Oili chafu, fundi. Kila siku ya Mungu. Cheni yangu haijawahi kukauka."

Sikumcheka, maana hata mimi nilifundishwa hivyohivyo. Lakini kila mwezi napokea watu wa namna hii, kila mmoja ana hakika kauziwa bidhaa mbovu, na kila mmoja anaipaka mafuta kuliko ninavyoipaka mimi. Feki zipo sokoni, sikatai. Nyingi ninazoletewa si feki.

Cheni si chuma kimoja. Kila pingili ina pini, pini imevaa bushi, kibomba kidogo cha chuma, na bushi imevaa roli, kibomba kingine kinachozunguka juu yake. Mtindo huu ni wa siku nyingi: Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, aliuwekea hataza mwaka 1880, na mpaka leo tunaendeshea huohuo. Wewe ukitazama unaona roli zikikalia meno ya spoketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni, basi unadhani kazi iko pale. Kazi kubwa iko ndani, pini inapojipinda kwenye bushi kila pingili inapozunguka spoketi. Tukisema cheni imevutika, chuma hakijavutika kama mpira wa manati. Pini na bushi zimepungua unene, kila pingili imepata nafasi kidogo, na pingili zikiwa zaidi ya mia hiyo nafasi ndogo inakuwa kubwa. Mafuta yasiyofika kwenye pini hayajafanya lolote, hata kama kwa nje cheni inang'aa kama nywele za bibi harusi.

Oili chafu imeshafanya kazi yake kwenye injini na imetoka na masizi na unga wa chuma. Tena ni nyepesi: ukikimbia kidogo tu, nusu imerukia rimu na nusu suruali ya abiria. Kile kinachobaki kwa nje kinashika vumbi, na mafuta yakichanganyika na vumbi hiyo ni msasa, unajizungusha mchana kutwa. Grisi nayo ni nzito mno, haipenyi. Inakaa juu kama siagi na kukusanya kila kinachopita.

Kwetu Tanga mambo yanazidi kwa sababu ya bahari. Pikipiki ikilala nje Raskazone au Mwambani, hewa yenyewe ina chumvi. Wa njia ya Amboni na Maweni wanarudi na chokaa. Ila mgonjwa wa kwanza ni mbeba samaki, kwa sababu maji ya barafu yenye chumvi yanachuruzika kutoka kwenye tenga, yanafuata chasisi na kudondokea cheni tone kwa tone, kutoka Deep Sea mpaka Pongwe. Ukibeba samaki, funga karatasi la nailoni chini ya tenga na uelekeze maji upande usio na cheni. Jambo dogo hilo, sijaona wengi wakilifanya.

Sasa kuosha. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, weka nyutro, zima injini na uchomoe ufunguo uutie mfukoni. Nasisitiza ufunguo. Kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto kina kovu mpaka leo, kwa sababu nilikuwa na haraka, nikawasha, nikaweka gia ya kwanza ili tairi lizunguke lenyewe huku nimeshika tambara. Tambara lilikwenda kwanza, kidole kikafuata. Ni bahati tu kwamba mwenzangu alikuwa karibu na swichi. Tairi zungusha kwa mkono, hata ukichoka.

Tandika gunia chini. Chovya mswaki mkuukuu kwenye mafuta ya taa, usugue juu, chini na ubavuni, ukisogeza tairi kidogo kidogo mpaka umemaliza duara lote. Usisahau spoketi ya mbele: fungua kava lake, utakuta tope limekaa kwenye kona kama masega. Wengi hawajawahi kulifungua tangu wanunue pikipiki. Petroli mimi situmii, inashika moto kwa cheche moja, na kama cheni yako ni ya oringi inaweza kuharibu mpira wake. Za oringi usiziguse na brashi ya waya pia. Ukiona vimpira vyembamba vyeusi kati ya vibati vya pembeni, basi ni ya oringi. Boda nyingi hapa hazina.

Futa kwa tambara kavu, iache ikauke kabisa. Halafu oili ya gia, ile namba 90. Mimina tone moja moja upande wa ndani wa cheni, sehemu ya chini, pale vibati vinapopishana, ili ikizunguka mafuta yasukumwe kuelekea nje yapite kwenye pini. Ni vizuri cheni iwe na joto la safari, mafuta yanaingia upesi. Fanya jioni ukishapaki, yalale yakipenya. Asubuhi futa yote yaliyobaki juu. Yote, mpaka tambara lipite bila kunata. Hapa ndipo wateja wananibishia, wanaona nimewafutia hela yao. Yaliyo ndani yamebaki ndani. Ya nje ni chambo cha vumbi.

Anayeshinda barabarani aioshe mara moja kwa wiki na kuitia oili kila kilomita 500 hivi. Masika, au ukitoka kuoshewa kwa mashine ya presha, usingoje hesabu, tia siku hiyohiyo.

Kukaza nitasema kidogo. Pikipiki nyingi ndogo zinataka mchezo, yaani kupanda na kushuka ukiisukuma kwa kidole, wa milimita 20 hadi 30 katikati ya cheni ya chini, ila fuata kibandiko au kitabu cha yako. Zungusha tairi utafute mahali cheni inapobana zaidi, pimia hapo, na alama za pande mbili za ekseli zilingane. Wanaoikaza kama gambusi wanajiulia beringi, maana ukipakia mshikaki, abiria wawili kwa mpigo, tairi linapanda na cheni inazidi kubana. Na kama umeifungua kwenye klipu inayounganisha ncha mbili za cheni, upande wa klipu uliozibwa utangulie kule cheni inakokwenda. Ukiigeuza inaweza kuchomoka njiani.

Kujua kama imekwisha huhitaji mimi. Cheni za 428, ambazo ndizo nyingi kwenye boda zetu, zina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, sawa na cheni ya baiskeli, kwa hiyo wazee wa baiskeli hapa Tanga wanalijua hili kabla yetu. Ivute inyooke, hesabu nafasi 20, upime kwa futi ya fundi cherehani. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259 imekwisha, ibadilishe pamoja na spoketi zote mbili. Meno yaliyochongoka kama ndoana yataimaliza mpya upesi.

Ya yule kijana ilisoma 260. Tukafunga seti mpya, oili chafu akaiacha kwangu.

Kuosha na kutia oili ni kama dakika 40, unaweza kusubiri. Ijumaa tunafunga saa sita hadi saa nane mchana kwa swala. Wenye samaki wapelekeni kwanza, ndipo mje. Wiki iliyopita paka wa Ngamiani nzima walihamia hapa mlangoni.