Njiti ya kiberiti haipimi asali

Ndugu Mhariri,

Wanunuzi wengi bado huchovya njiti ya kiberiti kwenye asali au hudondosha tone kwenye glasi ya maji, kisha huamua kama ni halisi. Shira nzito ya sukari nayo huzama bila kutawanyika, na njiti kuwaka huonyesha tu kwamba maji si mengi.

Unyevu hupimwa kwa rifraktomita ya mkononi, kifaa kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya asali, na kila chama cha wafuga nyuki Tabora au Katavi kingepaswa kuwa nayo. Kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, ni maji yasiyozidi asilimia 20; yakizidi, asali huchacha upesi. Kifaa husawazishwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Kama hakijirekebishi chenyewe kulingana na joto, joto la mchana huongeza usomaji wa maji kwa takriban asilimia 0.1 kila nyuzi moja, na asali nzuri hukataliwa bure. Iliyoganda iyeyushwe kwanza ndani ya chupa iliyofungwa, kwenye maji ya nyuzi 50, ipoe na kukorogwa. Chembe zikibaki, mstari wa kusomea huwa na ukungu.

Kubwa zaidi ni metali. Asali ina asidi, pH yake (kipimo cha ukali wa asidi) kwa kawaida ni karibu 4, na asidi hiyo hula chombo. Ndoo ya bati lenye zinki, pipa lenye kutu au debe lililolehemiwa kwa risasi huchafua asali iliyotoka msituni ikiwa safi. Umoja wa Ulaya hauruhusu risasi izidi miligramu 0.10 kwa kilo.

Hata sampuli huharibiwa kwa uzembe. Ichotwe kwa kijiko cha plastiki, si cha chuma, iwekwe kwenye chupa ya plastiki iliyolowekwa katika asidi ya nitriki ya asilimia 10 na kusuuzwa kwa maji yaliyoondolewa madini. Maabara iiyeyushe kwa asidi ya nitriki na haidrojeni peroksaidi, sambamba na kipimo cha kemikali hizo hizo kisicho na asali. Bila hicho, haijulikani kama risasi imetoka kwenye asali au kwenye kemikali. Kuichoma iwe majivu kwenye tanuri kali mno huweza kupeperusha risasi na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, jibu likatoka dogo kuliko ukweli.

Maofisa nyuki wa halmashauri wahimize ndoo za plastiki ya chakula zenye mfuniko, au chuma cha pua, kabla ya msimu wa kurina. Wanunuzi wa jumla nao wadai majibu ya unyevu na risasi kwa kila shehena.

Mkaguzi wa ubora wa asali,
Tabora