Salamu za Krismasi katika mwaka wa Escrow

Ndugu, jamaa na marafiki, Tumsifu Yesu Kristo. Kwenu wa imani nyingine nawasalimu kwa heshima zote. Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo.

Kama ilivyo ada yetu, namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuvusha salama hadi Krismasi hii ya mwaka 2014, na kwa niaba ya familia yangu nawatakieni nyote heri, afya njema na baraka tele. Ningependa kuishia hapo, kwa kuwa salamu za sikukuu hazipaswi kumwongezea mtu mzigo. Lakini mwaka huu nikiandika maneno ya heri na kuyaficha yaliyo moyoni, nitakuwa nawaandikia kana kwamba hatujuani.

Umekuwa mwaka mgumu. Ulianza na bei ya umeme kupanda kwa karibu asilimia 40 mwezi Januari, na kila mwenye mashine ya kusaga, saluni au friji ya kuuzia maziwa anajua kilichofuata. Unaisha huku wengi wetu tukinunua mchele wa sikukuu kwa kilo mbilimbili. Katikati ya hayo tukasikia kwamba zaidi ya shilingi bilioni 300, zilizokuwa zimewekwa Benki Kuu katika Akaunti ya Tegeta Escrow wakati Tanesco na IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, wakibishania malipo ya umeme, zilikwisha kutolewa na kulipwa kampuni binafsi. Ripoti ya Kamati ya Hesabu za Serikali iliyosomwa bungeni ikawataja wanasiasa, majaji, watumishi wa umma na hata viongozi wa dini kuwa miongoni mwa waliogawiwa sehemu ya fedha zilizotokana na malipo hayo. Hilo la viongozi wa dini liliniuma kuliko yote, na bado linaniuma kila kapu la sadaka linapopita mbele yangu.

Wiki ileile ambayo ripoti hiyo ilisomwa, kaka yetu mkubwa alikuwa amelazwa. Wengi wenu mlikuja kumwona na mliona tulivyokuwa tukiishi: muuguzi anatoka na kikaratasi kilichoandikwa dripu, glovu, sindano na dawa za vidonda, naye anasema kwa upole, maana kosa si lake, kwamba havipo, mkanunue nje. Usiku mmoja nilirudi kutoka duka la dawa la ng'ambo ya barabara nikiwa na nusu tu ya vilivyoandikwa, kwa kuwa fedha ziliishia hapo. Kwenye benchi la wanaosubiri wagonjwa, mzee mmoja alikuwa na redio ndogo akifuatilia Bunge, akaongeza sauti ili nasi tusikie. Mbunge alikuwa akieleza jinsi fedha zilivyotolewa benki taslimu na kubebwa kwenye magunia na mifuko ya sandarusi. Hakuna aliyesema neno pale kwenye benchi. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa nailoni wenye dripu mbili.

Kaka tulimzika mjadala ukiwa bado haujapoa. Sisemi kwamba fedha zile zingemponya, kwa sababu mwenye kujua siku za mtu ni Mungu. Ninachosema ni kwamba Serikali inadaiwa na Bohari ya Dawa zaidi ya shilingi bilioni 100, na wafadhili wa bajeti nao wamezuia fedha zao kwa sababu ya sakata hilihili, kwa hiyo mgonjwa aliyelala wodini anatozwa mara mbili kwa dhambi ambayo hakuitenda.

Bunge lilipitisha maazimio yake ya kutaka wahusika wa Escrow wawajibishwe tarehe 29 Novemba, nasi tukakaa kusubiri nani ataachia ngazi. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu tarehe 16 Desemba, akieleza kwamba ushauri wake kuhusu akaunti ile haukueleweka. Juzi Jumatatu Rais Jakaya Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam na kutangaza kumwondoa Profesa Anna Tibaijuka katika Wizara ya Ardhi, ambaye muda wote amesisitiza kuwa fedha alizopokea ni mchango wa shule. Suala la Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, likawekwa kiporo. Nilisikiliza hotuba ile hadi mwisho, na ilipokwisha sikuwa na furaha wala hasira. Nilikuwa nimechoka.

Uchovu huo haukuanza mwaka huu. Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa na mawaziri wawili walipojiuzulu kwa sakata la Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, nilishangilia nikidhani nchi imegeuka. Kaka aliniuliza jambo moja tu: na mikataba, nani ataiondoa? Sikuwa na jibu, na leo miaka sita imepita tuko palepale, kwenye umeme uleule. IPTL ililetwa na ukame wa miaka ya 1990, Richmond ikaletwa na ukame wa 2006, na mara zote mbili dharura ndiyo iliyofungua mlango. Waziri akiondoka na mkataba ukabaki, mwananchi hajaondolewa kitu.

Hata hivyo sipuuzi kujiuzulu. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1977, Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoacha uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watuhumiwa waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Hakuwa ameua wala kuamuru mtu auawe, lakini alikubali kwamba dhamana ya wizara ilikuwa yake. Taifa halikumtupa, kwani mwaka 1985 alikuwa Rais. Kiongozi wa leo anaogopa nini, ikiwa mfano huo upo?

Ndugu zangu, tusiwaachie wabunge peke yao kazi hii. Tarehe 14 mwezi huu tumechagua wenyeviti wa mitaa na vijiji. Tuwadai taarifa ya mapato na matumizi tangu mkutano wa kwanza, hata kama mwenyekiti ni shemeji yetu. Mwakani tutachagua Rais, wabunge na madiwani. Atakayekuja na kanga na kofia mpokeeni kwa adabu, kisha mumuulize alisimama wapi siku ya maazimio. Wazazi, tuache kumsifu mbele ya watoto yule aliyejenga ghorofa kwa mshahara usiotosha hata kodi ya pango. Nasi waumini, tukiletewa mchango mnono tuwe na ujasiri wa kuuliza umetoka wapi kabla ya kumpigia mtoaji makofi, kwa maana Mtoto tunayemsherehekea alizaliwa zizini, wala hakuhitaji fedha ya mtu yeyote.

Arobaini ya kaka itafanyika nyumbani mwanzoni mwa Januari, na nyote mnakaribishwa. Shemeji na watoto wanawashukuru kwa rambirambi zenu, na wameomba mwaka huu wasiachwe peke yao siku ya Krismasi, hivyo atakayeweza kupita baada ya misa apite.

Nawatakieni Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya wa 2015, Mwenyezi Mungu awajalie afya, amani na riziki ya halali.