Barua ya malalamiko: tiketi za orodha ya kusubiri zilizouzwa kama tiketi kamili za treni India

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Usafiri na Utalii,
Mombasa.

KUH: MADAI YA KSH 60,600, SAFARI YA MABEGI YA MGONGONI DELHI–JAIPUR–AGRA–VARANASI, WATU SITA

Bwana/Bibi Meneja,

Sisi ni wateja wenu sita, marafiki, mliotuuzia safari ya India ya mwezi Desemba kwa ankara moja. Tunadai kurudishiwa KSh 60,600. Barua hii inaeleza kila shilingi imetoka wapi, na kwa nini tunaamini ni kosa la mpangaji wa safari wala si la reli ya India, ukungu au bahati mbaya, kama mlivyotujibu kwa WhatsApp.

Tuanze na lililo zito zaidi, yaani treni ya usiku kutoka Agra kwenda Varanasi. Ankara yenu inasema "daraja la AC, imethibitishwa". Tiketi mliyotuma inasema mengine kabisa. Penye daraja pameandikwa SL. Penye hali ya abiria, wa kwanza ana RLWL 27/WL 19, wa pili RLWL 28/WL 20, na hivyo hivyo hadi wa sita. Ni herufi ndogo, na mtu asiyezizoea anaziruka tu. Nyinyi ni wakala, hizo ndizo mnazolipwa mzisome.

SL ni behewa la vitanda lisilo na kiyoyozi. Halina shuka wala blanketi, na madirisha yake hupitisha upepo hata yakifungwa. AC ya vitanda vitatu, 3A, hutolewa shuka mbili, mto na blanketi. Usiku wa Desemba kule jimbo la Uttar Pradesh ni wa baridi kweli, kwa hiyo tofauti hiyo si ya anasa. Hata kama vitanda vingepatikana, bado mngekuwa mmetuuzia kitu kimoja na kutupa kingine.

Lakini havikupatikana, na hilo lilitarajiwa. Kwenye tiketi, WL ni orodha ya kusubiri. Namba ya kwanza ni nafasi ya abiria kwenye foleni siku tiketi iliponunuliwa. Ya pili ni nafasi yake sasa. RLWL ni foleni ya abiria wanaopandia stesheni za katikati ya njia. Stesheni hizo hupewa mgao mdogo wa vitanda, na foleni husogea tu mtu wa mgao huo huo anapofuta safari. Ndiyo maana huenda polepole kuliko GNWL, foleni ya wanaopandia mwanzo wa njia. Mtu akifika RAC, hatua iliyo kati ya foleni na kitanda kamili, angalau anaruhusiwa kupanda, ingawa atagawana kitanda kimoja cha pembeni na mwenzake, wote wamekaa. Aliyebaki WL baada ya orodha ya abiria kutoka, saa kadhaa kabla ya treni kuondoka, hana safari. Tiketi ya mtandaoni hujifuta yenyewe, na akipanda nayo huhesabiwa kuwa hana tiketi na hutozwa faini. Sisi sote tulikuwa chini ya PNR moja, yaani namba moja ya tiketi. Angepata kitanda hata mmoja, tiketi isingefutika. Hakupata hata mmoja.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Tiketi ya namna hiyo ikijifuta, nauli haipotei. Mfumo wa IRCTC, kampuni inayouza tiketi za reli ya India mtandaoni, hukata ada ndogo kwa kila abiria na kurudisha zinazobaki kwenye akaunti ile ile iliyolipa. Akaunti hiyo ni yenu. Kwa hiyo mlipotuandikia kwamba "nauli ya treni India hairudishwi", ama hamjui kazi yenu au pesa zetu mnazo na mmenyamaza. Fungueni akaunti yenu, tafuteni PNR iliyo kwenye kiambatisho cha kwanza, mtaona tarehe ziliporudi.

Jibu lenu la siku ile lilikuwa: "Chukueni Tatkal kwenye simu." Tatkal ni mgao wa dharura unaofunguliwa siku moja kabla ya treni kuanza safari, saa nne asubuhi kwa mabehewa ya AC na saa tano kwa yasiyo na AC, na kwenye njia zenye watu wengi huisha kwa dakika chache. Ujumbe wenu ulifika siku yenyewe ya safari. Isitoshe, tangu Julai 2025 Tatkal ya mtandaoni inataka akaunti iliyothibitishwa kwa Aadhaar, kitambulisho cha wakazi wa India. Mtalii mwenye pasipoti ya Kenya anaitoa wapi?

Njia sahihi ilikuwepo tangu mwanzo. Treni nyingi za njia hizi zina mgao wa watalii wa kigeni, unaouzwa kwa namba ya pasipoti na viza. Pasipoti zetu mlikuwa nazo tangu mliposhughulikia viza. Mkazi wa India anaweza kununua tiketi siku 60 tu kabla ya safari, sheria iliyoanza Novemba 2024, ila mgao wa wageni mtandaoni umebaki siku 365. Na kama mtandao ungewashinda, mngetuambia ukweli mapema. Pale stesheni ya New Delhi, ghorofa ya kwanza ya jengo la upande wa Paharganj, ipo ofisi ya reli ya watalii wa kigeni. Mtu anakwenda na pasipoti, anajaza fomu yenye namba na jina la treni, anasubiri zamu yake, analipa. Tulipita Delhi siku kadhaa kabla ya Agra. Kilichotuzuia kwenda ni ujumbe wenu wa "tiketi zote tayari".

Kibaya zaidi, karatasi yenu ya maelekezo inamwelekeza msafiri mwenye shida ya tiketi aende "ofisi ya watalii ng'ambo ya barabara" kutoka stesheni hiyo. Ng'ambo ya barabara ndiko wapiga debe wanakowapeleka wageni, baada ya kuwaambia kwamba ofisi halisi imefungwa au imehamishwa, ili wauziwe gari la kukodi kwa bei ya kuruka. Ofisi ya reli iko ndani ya jengo la stesheni. Futeni mstari huo leo, kabla hamjawatuma wengine.

La pili ni Taj Mahal. Ratiba yenu ilitufikisha Agra Ijumaa asubuhi na kututoa Ijumaa usiku. Taj hufungwa kila Ijumaa kwa watalii. Wanaoingia ni wenyeji wanaokwenda kuswali msikitini mle ndani. Jambo hili halijifichi: hata Gatimaan Express, treni ya kasi inayotoka Hazrat Nizamuddin kwenda Agra, Ijumaa haitembei. Ankara yenu imetutoza KSh 2,000 kila mmoja kwa "kiingilio cha Taj, Ijumaa". Tiketi ya Ijumaa haiuzwi, dirishani wala mtandaoni. Kwa hiyo hamkununua kitu. Taj tuliiona Jumamosi alfajiri kwa kuwa treni yenu ya Ijumaa haikuwepo, na tukalipa wenyewe langoni, rupia 1,100 za mgeni na 200 za kupanda kwenye kaburi. Kosa lenu moja lilisahihisha jingine, ila kwa gharama ya usiku wa ziada wa hoteli.

Ratiba hiyo pia ilitaka tuzunguke Agra na mabegi yetu hadi treni ya usiku. Mabegi makubwa hayaingizwi Taj. Chumba cha mizigo cha stesheni hupokea mzigo uliofungwa kwa kufuli tu, na begi la mgongoni lenye kamba ya kuvuta juu halina pa kutia kufuli. Mngetuambia tubebe mnyororo mwembamba na kufuli ndogo, tungeyafungia mabegi hapo, na ndani ya treni tungeyafunga kwenye vyuma vilivyo chini ya kitanda. Minyororo na kufuli hizo huuzwa stesheni kwa bei ndogo. Hatudai pesa kwa hili, ila anayejiita mtaalamu wa safari za mabegi hafai kulisahau.

La tatu ni hoteli ya Varanasi, vyumba vitatu kwa siku tatu, KSh 27,000 zilizolipwa kabla. Mapokezi walipofungua pasipoti walizirudisha papo hapo: hawapokei wageni wa nje. Hawakuwa na ubaguzi wala ujeuri. Sheria ya India inamtaka mwenye nyumba ya kulala wageni apeleke taarifa ya kila mgeni wa kigeni, inayojulikana kama Fomu C, kwa ofisi ya uhamiaji ndani ya saa 24. Hoteli ndogo nyingi hazijajisajili kwenye mfumo huo, na zikimlaza mgeni zinajitia matatani. Tovuti za kuuza vyumba hazichuji hoteli kwa jambo hilo. Dawa yake ni ujumbe mmoja kwa hoteli kabla ya kulipa: "Mnapokea pasipoti za kigeni na kujaza Fomu C?" Wakijibu ndiyo, unahifadhi jibu. Hamkuuliza. Na ingawa vocha inasema "kando ya Ganges", hoteli hiyo iko karibu na stesheni, kilomita kadhaa kutoka Dashashwamedh, ghati, yaani ngazi za kushukia mtoni, inayofanyiwa ibada ya taa kila jioni. Atakaye kulala karibu na mto kweli lazima ajue kwamba bajaji humshusha njia panda ya Godowlia na sehemu iliyobaki ni kwa miguu, kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti. Vocha yenu ilituahidi "teksi hadi mlangoni".

Kuhusu kurudi: treni ya Varanasi iliyopangwa kufika Delhi asubuhi, na ndege siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri. Desemba na Januari ukungu hufunika bonde lote la Ganges, madereva wa treni hupunguza mwendo kwa kuwa taa za ishara hazionekani, na kuchelewa saa tano au zaidi ni jambo la kawaida. Reli yenyewe hufuta baadhi ya treni kwa msimu mzima wa ukungu. Anayejua hilo huacha usiku mmoja mzima Delhi kabla ya ndege. Ratiba tuliibadilisha wenyewe, ndege haikutuacha, kwa hiyo hatudai. Lakini ibadilisheni kwa wateja wajao.

Haki itendeke: si kila kitu kilikuwa kibovu. Viza za mtandaoni zilitoka kwa wakati. Mlitukumbusha kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, mapema, na hilo si dogo, maana chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10 na atokaye Kenya bila kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Nyumba ya wageni ya Jaipur ilikuwa safi, wenyeji wake waungwana, na ushauri wenu wa kuchukua tiketi ya pamoja inayoingiza Amber, Hawa Mahal na Jantar Mantar ulitupunguzia gharama na foleni. Inaonekana Jaipur kuna mtu wenu anayeijua. Mpeni na ratiba ya Agra.

Hesabu ni hii. Treni Agra–Varanasi, KSh 2,500 mara sita, ni KSh 15,000. Viingilio vya Taj ambavyo havikununuliwa, KSh 12,000. Hoteli ya Varanasi, KSh 27,000. Usiku wa ziada Agra, vyumba vitatu kwa KSh 2,200, ni KSh 6,600. Jumla KSh 60,600. Nauli ya basi la usiku tulilopanda badala ya treni hatuidai, kwa sababu Varanasi tulifika na hakuna afikaye bure. Hoteli iliyotupokea pia hatuidai.

Tunaomba malipo kwa M-Pesa, kwenye namba iliyolipa ankara, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, pamoja na taarifa ya akaunti yenu ya IRCTC inayoonyesha nauli ya PNR hiyo ilirudi lini na kiasi gani. Hatutapokea vocha ya safari nyingine. Siku 14 zikipita, tutapeleka nakala kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii inayotoa leseni za mawakala, na dai kwa Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000 bila kulazimu wakili, chini ya Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012.

Viambatisho: tiketi yenye PNR na hali ya abiria, ankara yenu na ujumbe wa malipo, vocha ya hoteli ya Varanasi, risiti za Taj na za hoteli ya Agra, mazungumzo ya WhatsApp, yakiwemo "tiketi zote tayari" na "chukueni Tatkal".

Wenu,
Wateja sita, ankara moja
(majina na sahihi ziko kwenye nakala iliyoletwa ofisini)