Barua kwa mwanangu: gari hilo tulitazame kwa chini kwanza

Chang'ombe, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Upepo wa Agosti umeanza, vumbi limeingia mpaka ndani ya makabati ya spea, lakini afya ipo. Ile dawa ya kuchua uliyoniletea imenisaidia mgongo sana. Asante, baba.

Picha za gari nimezipata zote kumi na nne. Toyota 86 ya mwaka 2013, nyekundu, gia za mkono, milioni 36. Nilizitazama dukani, usiku nikazitazama tena. Ujue mapema kwamba sina kinyongo na wewe kununua gari la spoti. Umelitamani tangu darasa la sita, ulipokuwa unachora magari nyuma ya madaftari ya hesabu, na fedha ni jasho lako. Wajomba zako watakuuliza kwa nini hukuchukua gari la kupakia watu. Hao niachie mimi. Ombi langu ni moja tu: usitoe hata shilingi ya kishika uchumba mpaka tujue gari hilo limeishi vipi mikononi mwa aliyekuwa nalo.

Nimeuza spea miaka ishirini na mbili. Gari la mzee wa kwenda kazini na kurudi huchoka polepole, na dalili zake utaziona mapema. Gari la spoti hakuna anayelinunua ili atembee nalo taratibu. Kukanyagwa limekanyagwa. Tunachotafuta ni kama aliyelikanyaga alikuwa akilihudumia, au alilitumia mpaka likaanza kulia, ndipo akaliosha na kulipiga picha.

Unaikumbuka Toyota Altezza ya marehemu baba yako, ile ya rangi ya fedha? Ulikuwa mdogo, huenda unakumbuka viti vyake tu. Baba yako aliipendea mng'aro wake, akalipa siku hiyo hiyo. Baada ya miezi mitatu tairi za mbele zikawa zimeliwa upande wa ndani. Tukabadilisha bushi, tukabadilisha boljointi, zote nikizitoa kwenye rafu zangu mwenyewe. Alaimenti, yaani kunyoosha tairi, tulipiga sehemu tatu. Mwezi wa nane fundi mmoja wa Kizota akaliingiza kwenye shimo, akakwangua ile lami nyeusi iliyopakwa chini, tukaona mshono wa kuchomelea umekatiza chesisi, uti wa mgongo wa gari. Gari liligongwa mbele, likaungwa. Tuliyenunua kwake simu yake haikupatikana tena. Baba yako alipoliuza alimwonyesha mnunuzi mshono ule kwa kidole, akapokea nusu ya bei. Na wewe ulikuwa ukikaa kiti cha nyuma cha gari lile kila Jumapili. Jambo hilo mpaka leo linaninyima usingizi.

Kwa hiyo tutaanzia chini. Kama muuzaji hataki gari lipandishwe, tunaondoka. Tutatafuta mishono, lami mpya iliyopakwa sehemu moja tu, na kutu. Magari yaliyokaa Hokkaido na kaskazini mwa Japani hukutana na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo hula chuma kwa chini huku juu rangi ikiwaka.

Kisha tutapanda juu. Tazama bolti za fenda, yale mabati ya juu ya tairi za mbele, na za bawaba za boneti: rangi ikiwa imebanduka kwenye kona za bolti, spana imepita hapo. Vuta mikanda ya viti mpaka mwisho usome kibandiko kilicho karibu na kitako. Kina tarehe ya kutengenezwa. Mkanda wa 2017 kwenye gari la 2013 una habari yake. Vioo navyo vina alama kwenye kona, kikiwepo kimoja cha kampuni tofauti, uliza kilichotangulia kilipasuliwa na nini. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, lazima iwake kwanza ndipo izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameinyamazisha.

Muombe pia karatasi ya mnada wa Japani, ile ya ukaguzi inayolipa gari daraja. Daraja 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linavumilika kwa umri huo, R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Karatasi hizo hughushiwa, kwa hiyo tafuta nakala yako mwenyewe kwa namba ya chesisi. Ya 86 huanza na ZN6. Ikianza na ZC6 hiyo ni Subaru BRZ, pacha wake.

Namba hiyo hiyo uiingize kwenye ukurasa wa Toyota wa Japani. Mwishoni mwa 2018 magari haya ya 2012 na 2013 yaliitwa na watengenezaji yarudi kurekebishwa kwa sababu springi za valvu zingeweza kukatika na injini ikazimika njiani. Kuzibadilisha si kazi ya mchana mmoja, maana injini huteremshwa. Kama la kwako lilishafanyiwa, tushukuru. Kama bado, bei ya milioni 36 tunaizungumza upya, na mimi nisingependa ulichukue hata kwa punguzo.

Injini yenyewe, FA20, ni ya Subaru. Lita mbili, silinda nne zimelala, mbili kila upande, pistoni zikiendeana kama ngumi za mabondia. Ndiyo maana uzito umekaa chini na gari linashika kona vizuri, na ndiyo maana hata kubadilisha plagi ni taabu, kwa kuwa ziko ubavuni, zimebanwa na bodi. Ukisikia mlio mwembamba kama wa nyenje usishtuke, ni pampu ya mafuta ya presha, ndivyo zilivyo. Mlio mzito wa kugonga unaopanda kadiri unavyokanyaga ndio wa kukimbia. Mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hatujafika. Nitagusa boneti. Injini iliyopashwa moto kabla ya mgeni kuja imeficha moshi wa asubuhi.

Klachi utaipima hivi: weka gia ya nne ukiwa taratibu, kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mizunguko ukiruka na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Gia ya tatu isikwaruze ikiingia. Zungusha usukani mpaka mwisho kwenye uwanja mpana, sikiliza nyuma kama kuna kinachogonga. Na tairi zisome ubavuni: tarakimu nne za mwisho za maandishi yanayoanza na DOT, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nne za kampuni nne, tena za nyuma zimekatika kingo, ni kazi ya mtu aliyekuwa akizungusha gari viwanjani na kununua tairi moja moja kila inapopasuka. Ukiona na springi zimekatwa ili gari lishuke, usiendelee.

Hilo la kushuka linanileta huku kwetu, maana Oktoba unahamia Mtumba, huku huku Dodoma. Gari hili likiwa kama lilivyotoka kiwandani lina kama sentimita 13 tu kutoka ardhini. Barabara kuu ya kwenda ofisini kwako ni lami, lakini matuta unayajua, na njia ya kuingia hapa nyumbani baada ya mvua ya Januari unaijua zaidi. Vumbi nalo: chujio la hewa utalitazama kila mwezi wakati wa kiangazi, usingoje kilomita za kwenye kitabu. Tena Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo ya kuisukumia hewa hupoteza karibu asilimia kumi ya nguvu. Farasi 200 utakaowasikia pale Mbezi, Dar, huku watakuwa kama 180. Usije ukamwita fundi afungue injini nzima kwa ajili ya hewa tu.

Oili ni 0W-20, zaidi ya lita tano kila mara. Nimeulizia kwa wenzangu wa Majengo: oili ipo, pedi za breki zipo, lakini taa ya mbele na bampa ni za kuagiza. Kwa hiyo bima iwe kubwa, hilo silijadili.

Karatasi ni haraka: jina kwenye kadi lilingane na la anayeuza, namba ya chesisi ilingane na iliyopigwa kwenye chuma, faini za trafiki zikaguliwe mtandaoni kabla ya kulipa.

Halafu, viti vya nyuma. Mwenzio ana mimba ya miezi minne. Kaeni wawili, mchukue kiti cha mtoto cha kuazima, mkijaribu kukifunga nyuma mkiwa nyinyi mmekaa mbele kama mnavyokaa siku zote. Kisipoenea mtaniambia wenyewe, mimi sitatangulia kusema.

Ijumaa napanda treni ya asubuhi, ndani ya masaa manne niko Dar. Nimezungumza na yule fundi wa Kizota, atakuja nami, nauli yake nimelipa. Tafuta gereji yenye shimo karibu na anakokaa muuzaji, na uje na tochi nzuri.

Mama yako