Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha kuzikana

Wazee wangu shikamooni, wengine wote habari za majukumu. Mahesabu atayasoma mweka hazina, daftari lipo wazi kwa yeyote anaetaka kuangalia. Turubai moja lilichanika limeshashonwa, sufuria zote zipo kasoro mfuniko mmoja mkubwa, aliebaki nao baada ya msiba wa mwisho naomba aurudishe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndo lilikuwa kubwa mwaka huu. Mkutano uliopita tulikubaliana michango yote itumwe kwa simu, na mimi ndo nilishupalia, nikasema jamani toka M-Pesa iingie nchini 2008 watu wanalipa mpaka umeme na ada kwa simu, sisi kwa nini bado tunamtembeza kijumbe juani na daftari kwapani. Na kweli pesa ikawa inaingia mapema kuliko zamani. Ila kijumbe alipoacha kutembea tukapoteza kitu ambacho hakipo kwenye katiba yetu. Yule mama akifika kwako anapiga hodi, anakaa, anapewa maji, anauliza watoto hawajambo, akitoka hapo anajua nani anaumwa, nani kasimamishwa kazi, nani kajifungua, afu jioni na sisi viongozi tunajua. Kupokea mchango ni dakika moja tu, ile nusu saa ya maongezi ndo ilikuwa inatuunganisha.

Mwezi wa sita mzee wetu anaeishi peke ake aliteleza uani akavunjika nyonga, akakaa ndani siku mbili hawezi hata kufika mlangoni. Mchango wake ulikuwa umeingia kama kawaida maana mwanae anamtumia kutoka Mwanza, kwa hiyo ukiangalia orodha yetu mzee yuko vizuri kabisa. Aliegundua ni kijana muuza kahawa. Kila alfajiri akipita anagonga vikombe vyake mzee anatoka kibarazani anachukua kahawa na kashata, siku ya pili kagonga weeee kimya, ndo akaita majirani wakavunja mlango. Huyo kijana hata sio mwanachama. Mzee anaendelea vizuri na mimi nilienda kumuomba radhi, na leo nawaomba radhi na nyie.

Nimelifikiria sana hili. Nyumba za Kiswahili tulizokulia hapa Magomeni, korido katikati vyumba huku na huku, kibaraza mbele, zilikuwa hazikuachi upotee, ukitoka kuoga lazima umsalimie mtu, mtoto wa jirani hajala unamuona. Saivi nyumba nyingi zinavunjwa, zinajengwa na ukuta na geti, mpangaji anamaliza mwaka hujui hata jina lake. Sisemi watu wasijenge, usalama nao ni muhimu, ila kwenye msiba wa mwezi wa tisa vijana walituma pole kwenye grupu nyingi tu na michango wakatoa, afu pale matangani tukakosa watu wa kubeba viti, na waliokuja walikuwa wanaulizana hivi mfiwa ni yupi. Iliniuma.

Kamati imeamua hivi, pesa iendelee kwa simu, ila kijumbe arudi kuzunguka nyumba kwa nyumba kila mwezi na apewe posho yake, na kila aliehamia mtaani kabla hajaandikishwa atembezwe kwanza kwa majirani zake wa pande zote. Wenye mageti naomba mama akigonga mfungulieni, asiongee na dada wa kazi kupitia tundu.

La mwisho ni benchi la chini ya mwembe, mguu umeoza. Fundi yupo tayari bure, tunatafuta mbao tu, mwenye kipande aje nacho Jumapili saa kumi jioni, na kahawa itakuwepo.